Sukari ya Yotham na Mzinga wa Polycarpe

Yotham Ngolo wa Nsemulwa alikuwa mrina asali tangu hajaota ndevu. Mizinga yake ya magogo aliichonga alama ya ukoo, na porini hakuna aliyegusa mzinga wenye alama ya mwenzake. Kwetu, kurina mzinga wa mtu ni wizi mbaya kuliko kuiba mke. Mke angalau anaweza kurudi mwenyewe.

Mwaka 1996 akaanza kunywa maji kama ng'ombe waliotembea kutoka Shinyanga. Alipokojoa, sisimizi wakajaa. Kisha kusahau: jina la mjukuu, njia ya kwenda Shanwe kwa majirani. Kaka yake, Method, akatoa uamuzi bila kuombwa.

"Kichwa kimeziba. Asali ya nyuki wadogo itakizibua."

Akanyweshwa kikombe kila asubuhi. Kichwa kikazidi kuziba.

Msimu wa kurina ulipofika, Yotham akashusha mzinga wa jirani yake, Polycarpe, akarudi nyumbani na ndoo huku anaimba. Jioni Polycarpe akaingia uani na wenzake.

"Mwizi huyu! Porini asikanyage tena!"

"Shemeji, mwizi gani anaimba?" akajibu Josephina, mke wa Yotham. "Kesho twende naye zahanati. Wakisema mzima, mfukuzeni."

Wakaenda wote, Method naye, kama wanasindikiza bibi harusi. Tabibu Eustace akachemsha mkojo wa Yotham pamoja na dawa ya bluu. Ukageuka rangi ya tofali.

"Sukari hiyo," akasema. "Mishipa ya ubongo ina ukuta wake, unachagua kipi kitoke kwenye damu kiingie kwenye ubongo. Sukari ikikaa juu muda mrefu, ukuta unaweza kulegea, yakapenya yasiyotakiwa. Kama mzinga usio na nyuki walinzi mlangoni. Na sukari ikipanda sana, yenyewe tu inavuruga akili. Anatumia nini?"

Method akatazama dari.

"Asali," akasema Josephina. "Kaandikiwa na daktari wetu yule pale."

Polycarpe akacheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe wa kufukuzwa porini ni wewe, Method! Neno la mwizi nalifuta. Nyie wote mmesikia."

Vidonge vya sukari vilimrudisha Yotham, ila si mzima wote. Jina la mjukuu lilirudi. Msimu uliofuata Polycarpe na wenzake wakampitia asubuhi waende porini.

"Tangulia, mzee."

"Tangulia wewe. Njia imenipotea."

Polycarpe akatangulia.