Mbao za Mwenye Duka

Ujenzi nilijifunza kwenye simu. Nilitazama video nyumbani kwetu Kibondo, nikapanga matofali bila udongo nyuma ya jiko la mama mpaka kuku wakakosa njia. Kwa hiyo nilipopata kazi Kasulu, kwenye duka jipya la mfanyabiashara wa nguo, fundi mkuu aliniita Fundi wa Simu. Sikukataa. Wengine wanaogopa nyoka; mimi naogopa tofali lililotoka nje ya uzi.

Jukwaa letu lilikuwa miti ya mkaratusi iliyofungwa kwa kamba, na juu yake mbao zimelazwa tu. Hazikupigwa misumari kwa sababu mwenye duka alitaka ziwe shelfu baadaye.

"Jamani, msinitobolee mbao zangu," alisema kila asubuhi. "Vitenge vikae juu ya matundu?"

Fundi mkuu alinuna. Mimi, nakiri, nilimuunga mkono mwenye duka. Mbao zilikuwa zimepigwa randa vizuri mno. Kuzitoboa kuliniuma rohoni.

Siku hiyo nilimaliza mstari wa mwisho chini ya lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya madirisha. Ulinyooka hasa. Nikarudi nyuma hatua moja ili niuone vizuri, kisha nyingine. Ncha ya ubao ilikuwa imepita mti ulioubeba. Nilipoikanyaga, upande wa pili ukainuka, nami nikashuka.

Niliangukia mkono wa kulia, kando ya rundo la mchanga. Kando, si juu yake.

"Yebaba we!" alipiga kelele mama anayetuletea maji.

Fundi mkuu alishuka mbio, akatazama kifundo cha mkono wangu, akatazama ukuta.

"Ukuta umenyooka, mdogo wangu. Kilichopinda ni mkono."

Nilicheka huku nalia. Kwenye bodaboda mama wa maji alinishikilia kwa nyuma. "Usiutazame hivyo," akasema. "Unautazama kama unataka kuushushia timazi." Kweli, nilikuwa naupima kwa macho.

Daktari aliurudisha mfupa, akanifunga hogo, ile bandeji ngumu ya plasta. Nikamuuliza kama nitashika tena mwiko.

"Tutaona ukifunguliwa."

Tutaona! Mtu kama mimi humpi neno kama hilo akaenda nalo nyumbani. Nilikaa Kibondo nikichezesha ncha za vidole, nikimuuliza mama kama kidole gumba kimelegea kuliko jana.

"Mwanangu, kidole ni kile kile," alisema hatimaye. "Niache nipepete maharage."

Hogo lilipotolewa, mkono ulikuwa mwembamba na mkavu, kama si wangu. Nikarudi nao Kasulu. Mbao za jukwaa zote zilikuwa na misumari. Kumbe mwenye duka alizipigilia mwenyewe.

"Vitenge vitafunika matundu," alisema, bila kunitazama usoni.

Fundi mkuu hakuniruhusu kupanda. Alinipa ukuta mfupi wa choo, uani. Nikashika mwiko, ukatetemeka, na tofali la kwanza likakaa upande.

"Liache," akasema. "Lipu italificha."

"Sawa, kaka."

Alipogeuka nikaling'oa. Nikakwangua udongo, nikalilaza upya, nikaligonga kwa kitako cha mwiko. Mkono uliuma mpaka begani, lakini mwiko haukuniponyoka.