Mkono wa Baba na Amplifaya ya Taa

Mama alinipigia simu siku ya pili ya likizo ya Juni, nikiwa bado nasahihisha mitihani ya kidato cha pili. Alizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyejificha nyuma ya nyumba.

"Baba yako amelifunga gitaa kwenye shuka. Anasema kwaya waje walichukue, wampe mwenye vidole."

Mimi ni mwalimu wa fizikia, nafundisha Nyakahura. Nyumbani kwetu ni Ngara, katika kijiji kisicho mbali na mjini. Sikuhitaji maelezo marefu. Mwaka mmoja kabla ya hapo baba alikuwa amepigwa na kiharusi. Chepesi, daktari alisema, na kweli mguu ulirudi na mdomo ukanyooka. Mkono wa kushoto ndio uliochelewa, na kwa mpiga gitaa huo ndio mkono unaobana nyuzi. Baba ni mkulima wa kahawa na migomba, lakini ukiuliza waumini wa kigango chetu watakuambia kwanza kwamba ni mpiga gitaa la kwaya. Amelipiga tangu kabla sijazaliwa. Miezi yote ya ugonjwa alikuwa akifinya mpira wa matambara, asubuhi na jioni, akihesabu kwa Kihangaza. Pasaka akarudi kwenye kwaya.

Halafu Jumapili tatu mfululizo gitaa likamtoroka katikati ya misa. Kwenye wimbo wa kuingia lilisikika vizuri. Kufikia matoleo sauti ilikuwa kama ya mtu anayeimba ndani ya mtungi. Kwenye komunyo lilikuwa halisikiki kabisa. Wanakwaya, kwa upole wao, wakaanza kuimba kwa nguvu zaidi ili kumfunika. Nadhani upole ule ndio uliomuumiza kuliko kitu kingine.

Nakiri kwamba sikusafiri kwenda kutengeneza chochote. Nilikwenda kumbembeleza mzee akubali hali yake.

Nilimkuta kibarazani akimenya maharage. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umetumwa?"

"Nimekuja kusalimia."

"Umetumwa," akasema, akaendelea kumenya.

Nyumbani tunaongea Kihangaza. Baba akihamia Kiswahili ujue anataka mambo yawe rasmi, kama yuko mbele ya mtendaji wa kata. Jioni ile alihamia Kiswahili. "Mkono huu umechoka. Unaanza vizuri, ukipata joto unalegea. Mimi mwenyewe nausikia. Tusibishane."

Sikubishana. Asubuhi yake nilimwomba anipigie wimbo mmoja tu, wa kuagana na gitaa. Akalifungua kutoka kwenye shuka bila furaha, akachomeka waya, akawasha amplifaya.

Amplifaya ile niliinunua mimi kule Lusahunga, kwa mfanyabiashara anayepokea vitu vilivyotumika kutoka kwa madereva wa malori. Ilikuwa ndogo, ya bei rahisi, lakini ndani ilikuwa na taa mbili za kioo, za namna ile ya redio za zamani. Taa hizo zikipata moto ndizo zinazokuza sauti. Baba aliipenda kwa sababu, alisema, sauti yake haikwaruzi sikio.

Akapiga. Wimbo ulitoka mnene na safi, nikaona mama anasimama mlangoni na ufagio mkononi. Muda wa kusali kama makumi mawili ya rozari, dakika saba hivi, ukapita, kisha sauti ikaanza kuzama. Baba akanitazama, maana yake: umeona?

Nilikuwa nimeona, ila nilikuwa nimetazama vidole. Kidole cha pete kilikuwa kizito, hilo ni kweli, lakini kilikuwa kizito vilevile tangu mwanzo. Mkono haukubadilika. Sauti ndiyo iliyobadilika.

Wanafunzi wangu huwa nawaambia wabadilishe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Nikachomoa gitaa, nikachomeka simu yangu palepale, nikaweka wimbo wa kwaya niliokuwa nimeurekodi. Baba alikuwa amezima amplifaya akidhani tumemaliza, kwa hiyo tukaiacha ipoe, tukanywa uji, ndipo nikaiwasha upya. Wimbo ukaanza kwa nguvu. Baadaye ukazama, polepole, kama gitaa lilivyozama.

"Baba, simu haijapata kiharusi."

"Usinifariji," akasema kwa Kiswahili, akatoka kwenda shambani.

Mimi nilibaki nimekaa pale nikihisi mambo mawili kwa pamoja: furaha, na aibu. Zawadi yangu ya bei rahisi ndiyo iliyokuwa ikimdanganya baba kuhusu mwili wake. Nikasema siondoki mpaka niitengeneze.

Nilikwenda mjini Ngara na bodaboda, nimeipakata amplifaya mapajani. Fundi wa redio karibu na stendi aliichungulia kwa nyuma, akacheka kwa mshangao. "Mwalimu, taa hizi nimezisikia tu kwa marehemu mzee wangu. Nikutolee yote ya ndani niweke bodi ya kisasa?"

Nikamwambia hapana. Alikuwa mtu muungwana. Aliniazima mita ya kupimia umeme na chuma cha kuyeyushia risasi, akanipa fyuzi mbili, na akanifungia katika karatasi rezista kadhaa nene, vile vijiti vya kupunguza umeme, alizozing'oa kwenye televisheni mbovu. "Zinaweza kukufaa," akasema. "Ila umeme wa mle si wa mchezo."

Nilijua. Nilikuwa nimeufundisha darasani mara nyingi, kwa chaki.

Siku iliyofuata nikaifungulia mezani sebuleni, mchana, mlango wazi ili nipate mwanga. Niliiwasha kidogo tu kuona kama fyuzi mpya inashika, nikaizima kabla taa hazijapata moto, nikachomoa waya ukutani. Nikainamia ndani. Kidole kilikuwa kinakaribia kugusa soketi ya taa kubwa mama aliposema kutoka mlangoni:

"Umeme umeshatoka wote mle?"

"Nimechomoa, mama."

"Nimeona umechomoa. Nauliza kama umetoka."

Nikarudisha mkono. Nikachukua mita, nikagusa miguu ya kapasita ile kubwa, lile kopo linalohifadhi umeme. Mita ikasoma volti zaidi ya mia mbili. Nilikaa chini. Mama hakujua lolote kuhusu kapasita. Alijua tu kwamba chungu kikiepuliwa jikoni hakipoi papo hapo. Nilifunga rezista kwenye waya wenye mpira, nikaishika kwa koleo, nikaumwaga umeme ule taratibu mpaka mita ikasoma sifuri. Tangu hapo, kila mara kabla ya kuingiza mkono, nilipima, na mama alisimama mlangoni mpaka niseme "sifuri".

Niligongagonga ndani kwa kijiti kikavu cha mwanzi, amplifaya ikiwa inaimba, nikisikiliza. Kwenye soketi ya taa ndogo kila nilipogonga sauti ilikatika na kurudi. Nikaizima, nikapima, nikaona kwa kioo cha kukuzia ufa mwembamba kama unywele kuzunguka risasi ya mguu mmoja. Nikayeyusha risasi mpya. Nilikuwa na furaha ya kitoto. Nikapiga kelele hadi shambani: "Baba, njoo! Imepona!"

Akanawa mikono, akaja. Safari hii alilichukua gitaa haraka kidogo, nikaona. Akapiga wimbo wa kwanza, akapiga wa pili. Katikati ya wa tatu sauti ikaanza kuzama.

Baba alilaza gitaa juu ya kochi, akalifunika kwa shuka, akarudi kwenye kahawa yake. Mama naye akaingia jikoni. Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia nusu saa ile. Nilikuwa nimempa mzee tumaini kabla ya kulipima.

Baada ya chakula nikaanza upya, na safari hii sikumwita mtu. Niliweka mkono wa kushoto mfukoni, kama nilivyofundishwa chuoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani, na kwa mkono wa kulia nikapima sehemu moja moja huku simu ikiimba. Kila kitu kilitulia isipokuwa mahali pamoja. Kuna rezista ndogo inayopeleka umeme kwenye taa kubwa. Upande wake wa kuingilia volti hazikucheza. Upande wa kutokea zilianza vizuri, halafu nikaziona zinashuka, zinashuka, na wimbo unashuka nazo. Ikiwa baridi rezista ile ilikuwa nzima. Ikipata joto ilikuwa inajifunga. Nilizima, nikapima mpaka sifuri, na nilipoigeuza niliona tumbo lake limeungua, limekuwa la rangi ya kahawa iliyokaangwa.

Kwenye karatasi ya fundi kulikuwa na moja ya kiasi kilekile, nene mara mbili. Niliunguza kidole wakati wa kuifunga, nikaifunga hivyohivyo.

Nikawasha, nikaweka simu, nikaketi. Makumi mawili ya rozari yakapita. Nusu saa ikapita. Nyimbo za kwaya ziliisha, simu ikahamia kwenye taarabu aliyoniwekea mwalimu mwenzangu, nikaiacha iendelee. Niligusa ubao wa amplifaya, ulikuwa wa moto. Sauti ilikuwa ileile. Saa nzima ikatimia na sikusogea kitini, kama mtu anayelinda mgonjwa.

Nilipoinua macho baba alikuwa amesimama dirishani kwa nje, jembe begani. Sijui alikuwa pale tangu lini.

"Haijazama," akasema, kwa Kihangaza.

"Haijazama."

"Muda gani?"

"Saa moja na zaidi."

Akaliegemeza jembe ukutani, akaingia na matope yake miguuni, jambo ambalo mama haruhusu, na mama akampisha. Akapiga akiwa amesimama. Alikosea mara kadhaa, kidole cha pete kilichelewa kila kilipotakiwa kuruka mbali, na kila kosa lilisikika waziwazi, kubwa, ndani ya nyumba nzima. Alikuwa akitabasamu. Aliupiga wimbo mmoja mara nne, akaketi, akautazama mkono wake kwa mbele na kwa nyuma.

"Kumbe ni kidole kimoja tu," akasema. "Kimoja nitakifundisha."

Mama alikuwa amejifuta machozi kwa pembe ya kanga, akanigeukia mimi kwa ukali. "Na wewe ukinunua kitu tena, nunua kizima!"

Tulicheka mpaka baba akakohoa.

Jumapili niliketi upande wa wanawake, katikati, mahali ambapo ningesikia vizuri. Wakati wa matoleo nilitega sikio. Komunyo ilipofika gitaa lilikuwa bado liko juu ya sauti zote, na wanakwaya, ambao hawakuambiwa kitu, wakapunguza kelele zao wenyewe bila kuelekezwa. Padri alimaliza, watu wakatoka. Baba alinikuta nje, akipepesa macho kwenye jua, nikadhani atanishukuru.

"Umewasikia wale wa sauti ya kwanza?" akaniuliza. "Wanashuka chini ya noti. Kumbe miezi yote hii wanashuka na mimi sikuwasikia. Keshokutwa nawaita mazoezini, kila mmoja peke yake."

Akaendelea kulalamika hivyo njia nzima hadi nyumbani, na mimi na mama tukamfuata nyuma, tumeshikana mikono.