Mtoto wa Mwalimu na Jedwali la Saba

Nimefundisha hesabu darasa la tatu kwa miaka mingi katika shule moja ya msingi jijini Mbeya, na wazazi wa pale wananijua kama mwalimu mwenye subira. Mtoto akikwama kwenye kuzidisha simsimamishi mbele ya wenzake. Namwita mezani kwangu, namwaga vizibo vya soda, tunavipanga safu kwa safu.

"Saba mara nane imekushinda? Haya, saba mara mbili unaijua?"

Ataniambia kumi na nne. Mara mbili tena, ishirini na nane. Tena, na hapo hamsini na sita inamtoka mwenyewe, ananitazama kama haamini. Nimewaona watoto waliokuwa wakijificha nyuma ya migongo ya wenzao wakigombania chaki.

Subira hiyo niliimalizia shuleni. Nyumbani, mtaa wa Soweto hapo hapo Mbeya, kwa binti yangu wa pekee, nilikuwa mtu mwingine.

Alipoingia darasa la tatu, shule nyingine, niligundua hajui jedwali la saba. Nikaanza kumfundisha kila jioni tukishaosha vyombo. Baba yake alikuwa kazini Songea, kwa hiyo tulikuwa wawili tu, mimi na yeye na rula mezani. Sikutoa vizibo. Nilikuwa nimechoka, nimetoka kwa watoto sabini wa watu, nilitaka wangu ajue tu bila kusumbua. Akikosea, rula ilimfuata vidoleni. Hayo ya rula huenda angeyasahau. Siku moja nilimwambia, "Mtoto wa mwalimu mzima, hata saba mara nane? Unanitia aibu." Hakulia. Alifunga daftari taratibu, akaomba ruhusa ya kwenda kulala, na jua lilikuwa halijazama bado.

Baada ya hapo akaanza kuumwa tumbo. Asubuhi zenye kipindi cha hesabu alitapika uji. Nikampeleka zahanati, wakampima malaria, wakampima choo, hakuna kitu. Nesi alimtazama, akanitazama na mimi, akauliza, "Nyumbani mnaishije?" Nikamjibu kwamba tunaishi vizuri.

Likizo ya mwezi wa sita nikampeleka kwa mama yangu, kijijini huko Iringa, apumzike. Mama hakusoma. Kazi yake ilikuwa kusuka vikapu vya milulu, yale majani ya mtoni, na macho yake yalikuwa yameanza kufifia, hivyo alimhitaji mtu wa kumhesabia nyuzi ili ua la kikapu likae sawa. Kazi hiyo akampa mjukuu wake.

Nilirudi kumchukua baada ya wiki tatu. Nilishukia barabarani, nikapandisha kwa miguu, na kabla sijapiga hodi nikasikia sauti zao uani.

"Mafungu saba, kila fungu nyuzi nane," mama alisema. "Hamsini na nne, si ndiyo?"

"Hamna, bibi. Hamsini na sita. Umekosea tena."

"Basi fumua hapo, tuanze upya. Bila wewe kikapu hiki kingekwenda upande."

Binti yangu akacheka. Nilisimama nje ya ua wa matete na begi langu, nikisikiliza kicheko ambacho nyumbani kwangu sikukumbuka lini nilikisikia mara ya mwisho.

Nikaingia. Mama akaniamkua kwa lugha ya kwetu, "Kamwene," na mtoto akaniamkia shikamoo, akanipokea begi. Ningenyamaza hapo, mambo yangekuwa mengine. Lakini furaha ilinizidi, na mimi ni mwalimu. Nikamuuliza mtoto, kwa sauti ya upole kabisa, "Haya mama, saba mara nane ngapi?"

Alinitazama. Kisha mikono yote miwili ikaenda nyuma ya mgongo, vidole vimekunjwa. Sikuwa na rula. Nilikuwa na mkate na sukari niliyomletea mama.

Mama alimtuma maji kisimani, ingawa ndoo ilikuwa imejaa. Mtoto alipotoka, mama akasema bila kuniangalia, mikono ikiendelea kusuka, "Namba anazijua. Anayemwogopa ni wewe. Mwache huku."

Nilibishana naye hadi chakula kikapoa. Kesho yake nilipanda basi la Mbeya peke yangu, nikijiambia ni kwa muhula mmoja. Uhamisho wa shule niliushughulikia mwenyewe, nikasaini fomu mwenyewe.

Muhula ukawa miaka. Alifaulu darasa la saba vizuri, na sasa yuko kidato cha tatu. Walimu wake wananiambia hesabu ndiyo somo lake. Kila Jumapili ananipigia simu. Ananisalimia kwa heshima, ananiuliza afya, ananiuliza shule, halafu anasema ana kazi za kufanya.

Mwaka jana mama alifariki. Baada ya matanga nilimkuta binti yangu akikunja nguo za bibi yake chumbani. Nikakaa kitandani, nikamwomba msamaha, nikaitaja rula, nikayataja maneno yale.

"Nilishasahau, mama," alisema. Aliendelea kukunja.

"Basi turudi nyumbani. Utamalizia shule Mbeya."

Akakiweka kitenge juu ya vingine, akakinyoosha kwa kiganja. "Mama, nisamehe. Naomba nikae kwa mama mdogo. Kwake nimezoea."

Mdogo wangu, anayeishi jirani na kwa mama pale kijijini, alikuwa mlangoni, akainamisha kichwa. Nikasema sawa. Binti yangu akanisindikiza hadi stendi, akanitafutia kiti cha dirishani, akasubiri hadi basi likaondoka. Alipunga mkono vizuri tu, kama mtu anavyomsindikiza mgeni.