Neno Lililokuwa Chini ya Kapo

Papa alinunua motokari kwa mundele mmoja, mzungu wa kazini kwake aliyekuwa anarudi kwao na bibi yake na mbwa wao. Ilikuwa motokari ya Amerika, ndefu, rangi ya pera bichi, tena ilikuwa imekwisha kuchoka kabla hata huyo mundele hajaipata. Lakini kwa barabara yetu ya Bel-Air ilikuwa sikukuu. Papa akafungua kapo, kile kifuniko cha juu ya injini, hata kama hakukuwa kitu kilichoharibika. Alitaka tu waone. Wanaume wa majirani wakaizunguka motere, mikono mgongoni, kama watu waliokuja kwa kilio cha mtu mkubwa.

Upande wa ndani wa kapo kulikuwa karatasi ya kubandikwa, na maneno yake yalikuwa ya Kiingereza. Papa akaniita. Mimi nilikuwa mlangoni, nachambua majani ya sombe na Nkambo, mama yake Papa, nikajifanya sikusikia. Ninaogopa watu. Hata masomoni, mwalimu akiuliza jambo ninalolijua, ninainamia daftari.

"Kuya hapa! Mutoto anasoma Kiingereza, njo anakimbia karatasi?"

"Enda," Nkambo akanisukuma na kiwiko. "Hawatakukula."

Nikaenda. Wote wakanyamaza kwa ajili yangu, jambo ambalo halijanipata tena tangu siku ile. Nikasoma maneno makubwa ya juu: EMISSION CONTROL. "Control" nililijua. "Emission" sikuona hata sababu ya kufungua kamusi, kwani tunalo katika Kifaransa, na katika Kiswahili chetu pia, ni kipindi cha radio: émission ya michezo, émission ya nyimbo za jioni, émission ya kusalimu wandugu.

Nikasema, "Ni kintu ya kukontrole ma-émission."

"Ya radio?" akauliza jirani wa mkono wa kushoto.

"Ndiyo."

Jirani huyo alikuwa mkubwa wa chama katika mtaa wetu. Tulimwita Citoyen tu, yaani mwananchi, hata bibi yake alimwita hivyo. Mama alizoea kusema, kwa sauti ya jikoni, kwamba anaoga na beji yake. Citoyen akainama, akatazama ile pompe ya mviringo iliyokuwa inazungushwa na mukaba, ule mkanda wa motere, na mipira iliyotoka ndani yake kuingia huku na kule. Akacheka.

"Kumbe! Papa, bazungu balikuachia poste yao ya radio? Unasemaka na nani kule ng'ambo?"

Wote wakacheka. Papa pia akacheka, lakini alichelewa. Miaka hii mtu anaweza kuitwa ofisini kwa chama kwa sababu ya radio tu, kwa sauti ya ng'ambo iliyosikika kupitia dirisha lake. Nikaona mkono wa Papa unashusha kapo polepole, kama mtu anayefunika sahani mbele ya wageni.

Niseme kweli hapa. Chini ya maneno makubwa kulikuwa madogo, na macho yangu yaliyaona: motere, mafuta, bujie ya kuwasha mafuta. Nikafahamu palepale kwamba hakuna radio inayotaka bujie. Lakini wale wanaume walikuwa wamenisikiliza. Mmoja alikuwa amesema, "Eh, huyu atakuwa ministre." Kurudisha neno langu mbele yao sikuweza. Nikarudi kwa sombe.

Kesho yake Papa hakwenda na motokari kazini. Baada ya kazi aliipeleka mtaa wa Kenya, kwa mekanisie, fundi wa motokari aliyekuwa anatumika nyuma ya soko, nami akanichukua nimsomee karatasi. Kulikuwa picha kwenye karatasi, mistari ya kuonyesha mipira yote inapopita. Nilionyesha kwa kidole.

"Toa bintu yote ya ile mambo," Papa akamwambia. "Hata kimoja kisibakie."

Mekanisie hakuuliza sababu, na Papa hakuitoa. "Hakuna neno, Papa. Ii pompe inakulaka nguvu ya motere bure. Bazungu banapenda bintu mingi-mingi."

Akatoa mukaba, akatoa pompe, akachomoa mipira. Pale ambapo mipira ya pompe ilikuwa inaingia kwenye chuma cha kutoa moshi, kando ya motere, yakabaki matundu madogo. Akapekua kopo lake la vis, misumari ile ya kuzungusha, lakini hakuna hata moja iliyoingia. Basi akakata vipande vya chuma, akavigonga na nyundo mpaka vikakaa.

"Hii ni ya kushika-shika tu," akasema. "Moto ikipiga, italegea. Utafute vis ya kweli, ukuye nifunge muzuri."

"Nitakuya," Papa akajibu.

Hakurudi. Nafikiri hakutaka yule mtu amkumbuke sana pamoja na motokari ile. Pompe na mipira vikatiwa katika gunia, na gunia likaenda katika shimo la choo cha nyuma. Likapiga kule chini na sauti nzito, na Papa akanawa mikono mara mbili.

Haukupita muda mrefu, nikapata nguvu ya kumfuata mwalimu wetu wa Kiingereza baada ya somo. Nikamuuliza neno lile moja. "Ni kile kinachotoka," akasema. "Moshi, joto, mwangaza. Kwa motokari, ni moshi." Nikamshukuru. Njiani masikio yalikuwa yananiwaka. Lakini pompe ilikuwa chooni, na motokari ilikuwa inapanda kilima na nguvu kuliko zamani, na Papa alikuwa anapiga mluzi akiiendesha. Nikajiambia: nani anaumia?

Ndipo mvua zikaanza.

Nkambo alikuwa na shamba lake Kasungami, nje ya mji. Alilifyeka yeye mwenyewe baada ya kufiwa na bwana yake, akalima mahindi, mihogo na viazi tamu, na kila mtu katika nyumba yetu alijua kwamba bila shamba lile Nkambo angekuwa mgeni kwa mtoto wake. Zamani alikwenda kwa miguu, akilala kule kwa ndugu zake. Sasa Papa alikuwa anatupeleka Jumamosi na motokari. Nkambo alikaa mbele, mahali pa heshima. Mvua ikipiga, alifunga kioo chake. Papa aliacha chake wazi, kiwiko nje, kwa sababu alipenda watu wamwone.

Safari ya kwanza ya mvua, Nkambo alishuka akishika kichwa. Ya pili, alitapika kando ya barabara. Ya tatu, hakulima hata tuta moja. Alilala juu ya gunia, jembe ubavuni, na midomo yake ilikuwa na rangi ambayo sikuipenda.

Nyumbani Mama akamtania ili amtie moyo. "Mama-mukwe, motokari ya Amerika inakukatala! Inasema inabeba bamademoiselle tu."

"Iniachie," Nkambo akasema. "Hata bwana yangu alikuwa na wivu, lakini hakunitapisha."

Tulicheka. Mimi nilicheka pia, na bado ninasikia kicheko changu. Kwani mimi, nyuma kule, nilikuwa nafungua kioo upana wa kidole, bega linalowa, na harufu ya moshi niliipata vizuri. Nilivijua vile vipande vya chuma. Nilikuwa natazama kitambaa cheupe cha kichwa chake kinayumba mbele yangu, nikihesabu namna ya kuanza: Papa, ile siku... Papa, lile neno... Kila mara tulifika kabla sijaanza.

Mwishoni Papa akasema wakati wa kula, "Mama, umeshazeeka. Hii shamba tuachie muntu mwingine."

"Motokari njo inaniua, hapana shamba."

"Motokari inatubeba siye bote. Juu ya nini weye tu?"

Nkambo akafinyanga tonge lake la bukari, akalirudisha katika sahani. Jibu nilikuwa nalo mimi, nikamimina maji ya kunawa.

Citoyen alikuwa amekwisha kusikia, ukuta wetu ni mfupi. Bibi yake alikuwa anatafuta mahali pa kulima. Mtu kama yule humwambii angoje. Kesho yake shamba likawa lao.

Nilipopata habari hiyo, miguu yenyewe ikanipeleka mpaka mahali Papa alipokuwa anaosha motokari.

"Papa, ile émission haikuwa ya radio."

"Iko ya nini?"

"Ya moshi. Ile matundu ya mekanisie imefunguka. Moshi inaingia ndani. Njo inamugonjwesha Nkambo."

Alikamua kitambaa mpaka hakikutoa tone. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu kitambo."

"Mbele ya kutoa shamba?"

"Mbele."

Nilingoja kofi. Ningelipokea vizuri. Lakini alikaa kwenye ndoo aliyoipindua, akatazama taa za motokari.

"Miye pia nilisikiaka harufu," akasema. "Nikasema ni uzee ya motokari." Halafu, kwa sauti ya chini, akiangalia ukuta: "Sasa Citoyen nimwambie nini? Arudishe shamba juu niliogopa radio yenye haiko?"

Hakumwambia kitu. Akanikataza kumwambia Nkambo, nami nikakubali haraka mno. Alitafuta vis za kweli, akarudi Kenya, matundu yakafungwa.

Jumapili iliyopita tulipeleka Nkambo kwa ndugu zake Kasungami. Mvua ilikuwa inanyesha, vioo vyote vimefungwa, na yeye alikaa wima mbele kama mtu aliyeoga sasa hivi. Tulipofika karibu na shamba akasema, "Simama kidogo."

Papa akasimama. Bibi ya Citoyen alikuwa amekwisha kung'oa mihogo na kupiga matuta mapya. Nkambo akapangusa kioo na kiganja, akatazama kwa muda mrefu.

"Muone," akasema. "Kichwa haiumi, roho haigeuki. Mungu amenipa nguvu mupya. Ni vile tu alichelewa kidogo."

Papa aliangalia barabara. Nkambo akanigeukia nimkubalie, kama ninavyomkubalia siku zote.

"Ndiyo, Nkambo," nikasema. "Alichelewa."