Video ya kwaya iliyogoma kutoa sauti

Leo nimeaibika mbele ya kanisa zima, na bado nashukuru.

Mnaijua ile programu ya kuchezea muziki na video ninayoipanga, ya kufungua faili la aina yoyote, liwe la simu ya Kichina au la kamera ya studio.

Leo kwaya yetu hapa Tunduma ilikuwa inazindua video yake.
Nikajitolea kuionyesha kwa programu yangu, ambayo nusu yake bado ni mpango tu. (Najua, najua.)

Picha ikatoka safi ukutani. Kwaya imesimama katikati ya shamba la kahawa kule Mbozi, midomo inafunguka.

Sauti hakuna.

Nabonyeza huku, nabonyeza kule. Mgeni rasmi ananitazama. Wageni waliovuka mpaka kutoka Nakonde, Zambia, wananitazama. Jasho linanitoka.

Ndipo Mama Tusekile, mwimbaji wa sauti ya pili, akasimama.
"Mwanangu, acha picha iende. Wenye sauti si tupo?"

Kwaya yote ikainuka, ikaimba huku ikikimbizana na midomo yake yenyewe pale ukutani. Wa besi wakaachwa nyuma. Watu wakacheka, kisha wakaanza kucheza, mgeni rasmi naye akiwemo.

Kwenye wimbo wa pili nikagundua tatizo. Sauti ya studio ikarudi.

Kanisa zima likanigeukia.
"Zima hiyo."

Asante, Mama Tusekile. Umeniokoa.
Kwenye mpango naongeza kitufe kikubwa cha kuzima sauti, nacho kitaitwa jina lako.

Wadau, kiwe cha rangi gani?