Mtoto Niliyemsahau Kwenye Beseni

Wiki ile ya Krismasi sikukaa chini. Nilipaka rangi sebule, nilikwenda soko la Buzuruga mara tatu, nikagombana na mume wangu kwa sababu ya mchele. Na jumuiya yetu ndiyo ilikuwa na zamu ya kutengeneza pango la Noeli kanisani, kwa mawe tuliyobeba wenyewe, maana kwetu Ilemela mawe hayatafutwi, yako kila mahali. Mimi nilipewa sanamu ya Mtoto Yesu nikaisafishe nyumbani, iwekwe horini kwenye misa ya asubuhi ya sikukuu.

Asubuhi hiyo nilifika kanisani mikono mitupu na wala sikugundua. Nilikuwa nawaza kama nimezima jiko. Katekista akaniinamia sikioni. "Mama, Mtoto yuko wapi?"

Nilipanda mlima mbio kurudi nyumbani, kitenge kipya kikinibana magoti, nikijisemea kwa sauti kama kichaa. Nilimkuta uani, ndani ya beseni, kalala kati ya sufuria nilizoanika jana yake, jua likimpiga usoni. Kule chini ziwa lilikuwa limetulia. Nikavuta kigoda nikakaa. Kipindi chote cha Majilio, kungoja Noeli, nilikuwa nimeomba amani, na kila nilipoomba nilikuwa naangalia saa.

Nikasikia kwaya imeanza. Nikamfunga mgongoni kwa kanga, kama nilivyowabeba wanangu. Walioko kanisani wangoje. Nikashuka taratibu, maana mtu mwenye mtoto mgongoni hakimbii kwenye mawe.