Senene Mwenye Kitambi

Mchora mabango wa mtaa wa Hamugembe hawezi kushika kalamu bila kumchora senene wake, panzi wa katuni. Alimbuni akiwa darasa la tatu kule kijijini Kishanda, na Rutaihwa, aliyekaa naye dawati moja, anamkumbuka senene yule akiwa mwembamba, upanga mkononi, akiruka juu ya migomba. Miaka imepita, senene ameota kitambi na kipara, miwani inamteleza, na kila akiruka lazima ashike kiuno. Rutaihwa, ambaye hayo yote anayo, huja mjini kila Jumamosi kulalamika.

"Waitu, ndugu yangu, huyu si ni mimi kabisa?"

"Wewe huna mabawa," hujibu mchoraji, akilamba ncha ya brashi.

Mwezi uliopita Rutaihwa alipasuliwa tumbo. Mchoraji alifika wodini, akaketi kando ya kitanda. Akachukua bahasha ya eksirei, akamchora senene kitandani, na kando yake senene wa pili, mwembamba, mwenye rangi vidoleni, amemshika mwenzake mkono. Kwa miaka thelathini na tano hakuwahi kumchorea senene yule rafiki.

Rutaihwa akaichukua bahasha, akaisogeza karibu na miwani yake.

"Huyu mwembamba mbona analia?"

"Halii. Hilo ni jasho."

Rutaihwa akacheka huku ameshikilia mshono, na mchoraji akageukia dirishani kupangusa jasho lake.